Nimevuka majaribio ya mtandaoni mara mbili na kuanguka kituo cha tathmini mara mbili: je, usaili wa programu ya wahitimu serikalini unaandalika?

#1 Kalamu ya Wino (mleta mada)

Salamu kwenu wadau. Nina swali ambalo limenisumbua kwa muda, na ningependa kulijadili na watu waliopita njia hii.

Kwa miaka miwili mfululizo nimeomba nafasi katika Fast Stream, programu ya serikali ya Uingereza inayoajiri wahitimu wa vyuo vikuu na kuwazungusha katika wizara na idara mbalimbali ili baadaye washike nafasi za uongozi. Mara zote mbili nilivuka majaribio ya mtandaoni bila shida, nikaitwa kituo cha tathmini, yaani hatua ya usaili yenye mazoezi ya kuigiza kazi za ofisi, nikaishia hapo. Mwaka wa pili nilijiandaa kuliko wa kwanza: miezi mitano, mamia ya maswali ya mazoezi, na mifano kumi na miwili ya kazi nilizowahi kufanya, ambayo niliiandika na kuikariri neno kwa neno. Alama zangu za kituo cha tathmini zikawa chini kuliko za mwaka uliotangulia.

Kwa hiyo dai langu ni hili: usaili wa namna hii hauandaliki. Unapima kitu ambacho mtu amekuja nacho au hana, na muda tunaoutumia kujiandaa unatupa faraja tu. Nionyesheni nilipokosea.

#2 Mchujo wa Tatu

Pole kwa yaliyokukuta. Hata hivyo, maelezo yako mwenyewe yanalipinga dai lako. Ulifanya mazoezi ya majaribio ya mtandaoni na ukayavuka mara mbili. Kilichokuangusha ni kile ambacho hukukifanyia mazoezi. Umetaja mamia ya maswali ya kuchagua jibu na mifano ya kukariri, lakini hujasema ni mara ngapi uliketi na rundo la nyaraka usizowahi kuziona, ukaandika dokezo kwa kiongozi ndani ya muda uliopangwa, kisha ukampa mtu mwingine alisome. Ni mara ngapi?

#3 Kalamu ya Wino (mleta mada)

Mara moja, na sikumaliza kuandika.

#4 Bi Msimamo

Mleta mada, hapo nadhani umejijibu, lakini acha niongeze kisa changu.

Mimi nilifanya usaili huo mwaka 2015, kituo kikiwa London na shughuli ikichukua siku nzima. Kulikuwa na zoezi la kikundi ambamo kila mmoja wetu aliwakilisha wizara ya kubuni yenye miradi yake, na kundi zima likapewa kiasi cha fedha kisichotosheleza miradi yote. Kulikuwa na zoezi la kuandika, ambapo unapewa njia kadhaa za kutatua tatizo la sera, unachagua moja, na unaeleza kwa haki kwa nini umeziacha nyingine. Kulikuwa na zoezi la uongozi, na mahojiano.

Katika zoezi la kikundi alikuwapo kijana mmoja mwenye sauti nzuri na hoja zilizopangika, ambaye kwa muda wote hakukubali kuacha hata mradi mmoja wa wizara yake. Alikuwapo pia binti mmoja mtulivu ambaye tangu dakika ya kwanza alichora jedwali kwenye karatasi yake, na kila tulipokubaliana jambo alisema, "Hapo tumebakiwa na kiasi hiki." Kufikia katikati ya zoezi sote tulikuwa tunamgeukia yeye kabla ya kusema neno. Binti huyo nilikutana naye tena siku ya kwanza ya mafunzo. Kijana sikumwona.

Mimi mwenyewe sikukariri chochote isipokuwa namna ya kugawa muda wangu. Naamini usaili huu unaandalika, ila matayarisho yake hayafanani na ya mtihani wa shule.

#5 Rejea Kamili

Kisa cha Bi Msimamo ni kizuri, lakini wanaojiandaa leo wasikitumie kama ramani, kwa sababu mengi yamebadilika tangu wakati huo. Siku ile nzima ilifupishwa kuwa nusu siku, na tangu mwaka 2020, kutokana na janga la korona, kituo cha tathmini kilihamia mtandaoni. Vigezo navyo si vile vya 2015. Wakati huo utumishi wa umma wa Uingereza ulitumia mfumo wa umahiri ulioanza mwaka 2012. Uliofuata, unaoitwa Success Profiles, ulichapishwa mwaka 2018 na unamtazama mwombaji kwa sehemu tano: tabia za kikazi, vipaji vya asili, uwezo, uzoefu na ujuzi wa kitaalamu. Tabia za kikazi ziko tisa, miongoni mwake zikiwamo kufanya maamuzi, kuwasiliana na kushawishi, kushirikiana, kuongoza, na kutekeleza kazi kwa kasi.

Mazoezi yenyewe hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo mwombaji aanze na maelezo rasmi ya mwaka wake kabla ya kusikiliza kumbukumbu zetu, zangu zikiwamo.

#6 Bi Msimamo

Nakubali masahihisho, na nashukuru. Jedwali la yule binti, hata hivyo, halijapitwa na wakati.

#7 Mizani ya Hesabu

Ningependa tutenganishe maswali mawili yanayochanganywa hapa. La kwanza ni kama mazoezi yanapandisha alama. La pili ni kama mazoezi yanakuongezea nafasi ya kuchaguliwa. Hayo si mamoja.

Kuhusu la kwanza, uchambuzi wa Hausknecht na wenzake wa mwaka 2007, uliojumlisha tafiti nyingi kuhusu watu wanaorudia majaribio ya uwezo wa akili, ulionyesha kwamba kurudia kunapandisha alama kwa wastani wa takriban robo ya mkengeuko sanifu. Kwa lugha nyepesi, aliyekuwa katikati kabisa ya kundi la watu 100 angewapita watu kama kumi zaidi. Si kidogo, lakini pia si muujiza.

Kuhusu la pili, alama katika majaribio mengi ya aina hii hulinganishwa na za kundi la watu wengine waliopimwa. Kama waombaji wote wamefanya mazoezi yaleyale, lile ongezeko linamezwa, na anayeumia ni yule ambaye hakujua kwamba mazoezi yapo. Kwa hiyo mleta mada anaweza kuwa amesema nusu ya kweli: kujiandaa hakukupi faida kubwa, ila kutojiandaa kunakugharimu.

#8 Mchujo wa Tatu

Mizani, wewe ukiulizwa habari za asubuhi huanza na wastani. Lakini takwimu zako zinahusu majaribio ya uwezo, ambayo mleta mada tayari ameyavuka. Tunaomba turudi kituo cha tathmini, ndiko alikoangukia.

#9 Fasaha wa Pwani

Ninaomba kuleta maelezo mengine ambayo sijaona yakiguswa, nayo yanahusu lugha yetu.

Mimi ni mkalimani, na kwa miaka kadhaa nimewasaidia vijana wanaozungumza Kiswahili kujiandaa na usaili unaofanywa kwa Kiingereza. Karibu wote wana tatizo moja. Ukimwuliza mtu, "Ulifanya nini?" anakujibu, "Tulikaa, tukajadiliana, ikaonekana ni vyema kubadilisha utaratibu, basi ukabadilishwa, na mambo yakaenda vizuri." Kwa Kiswahili hayo ni maelezo ya mtu mwenye adabu. Hajivuni, na hajawafuta wenzake. Lakini msaili aliyepewa karatasi ya kupima mchango wa mtu mmoja amesikiliza dakika tatu na hana cha kuandika. Nani aliona? Nani alibadilisha? Aliyekuwapo mbele yake amejificha nyuma ya "tu-" na nyuma ya "ikaonekana".

Lugha yetu ina vitenzi vizuri sana vya kumficha mtendaji. Ilionekana, ikaamuliwa, ikapangwa, ikatekelezeka. Tumevizoea kiasi kwamba hata tukizungumza Kiingereza tunavichukua na kuvivusha mpaka. Zoezi ninalowapa vijana ni kuandika mfano mmoja kwa Kiswahili kwanza, kisha kupigia mstari kila "tu-" na kila kitenzi kisicho na mtendaji, na pembeni ya kila mstari kuandika jina la aliyetenda. Wengine hugundua kwamba wao wenyewe walifanya mengi kuliko walivyokuwa wakisema. Wengine hugundua kinyume chake, na hilo nalo ni bora ulijue nyumbani kabla hujaketi mbele ya wasaili.

Mleta mada, umesema mifano yako ni kumi na miwili. Je, iko katika "ni-" au katika "tu-"?

#10 Shamba la Bibi

Dada Fasaha, naheshimu uzoefu wako, lakini ushauri huo ukichukuliwa bila kipimo unaweza kumharibia mtu. Kushirikiana ni mojawapo ya zile tabia tisa alizozitaja Rejea. Nimeshuhudia rafiki yangu akisaliwa kwa kazi ya ofisi moja ya umma, akasema "mimi, mimi, mimi" kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mrejesho aliopewa ulikuwa kwamba haonekani kuwasikiliza wengine.

#11 Fasaha wa Pwani

Ni kweli, ila sikushauri kuwafuta wenzake. Nashauri kila mtu katika kisa apewe kitenzi chake. "Nilipendekeza tuahirishe. Mwenzangu wa fedha alipinga, akaeleza gharama ambayo sikuwa nimeiona. Nikaomba siku moja, nikapiga hesabu upya, nikarudi na pendekezo la kugawa kazi katika awamu mbili." Hapo kuna kusikiliza, kuna kubadili msimamo, na bado tunajua nani alifanya nini.

#12 Fanusi

Samahani kwa kuuliza pembeni ya mada. Mimi si raia wa Uingereza. Je, naruhusiwa hata kuomba?

#13 Rejea Kamili

Kanuni za uraia za utumishi wa umma wa Uingereza zinawaruhusu raia wa nchi hiyo, wa Ireland, na wa nchi za Jumuiya ya Madola, pamoja na makundi mengine yaliyoainishwa, alimradi mwombaji awe tayari na haki ya kuishi na kufanya kazi huko. Baadhi ya nafasi, hasa za kidiplomasia na za usalama, zimetengwa kwa raia wa Uingereza pekee. Soma tangazo la mkondo unaoutaka.

#14 Fanusi

Nashukuru sana.

#15 Mtoto wa Fundi

Mimi naona tunazunguka jambo kubwa bila kulitaja. Mwaka 2016 ilitoka ripoti ya taasisi ya Bridge Group, iliyoagizwa na serikali yenyewe, ikionyesha kwamba waombaji waliofaulu Fast Stream kutoka familia za tabaka la wafanyakazi walikuwa asilimia 4.4 tu. Ripoti hiyo ilisema kundi la wanaochukuliwa lilikuwa finyu kijamii kuliko hata wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford. Serikali ilikubali kwamba kuna tatizo na kuahidi mabadiliko.

Sasa mtu anaposema "jiandae vizuri zaidi", ninajiuliza anamwambia nani. Kuna kijana aliyekulia mezani ambako baba na mama hujadili bajeti ya taifa wakati wa chakula cha jioni. Amesikia hoja zikitolewa, zikipingwa kwa utulivu na kurekebishwa, tangu akiwa na miaka kumi. Huyo hahitaji miezi mitano, kwa kuwa amejiandaa miaka kumi na miwili bila kujua. Mimi nilikulia karakana. Baba yangu alikuwa mwamuzi mzuri kuliko wengi niliowaona ofisini baadaye, lakini uamuzi wake aliutoa kwa mikono, hakuueleza kwa maneno. Nilipoingia chumba cha usaili wa programu moja ya serikali, nilijua la kufanya na sikujua namna ya kulisema kwa sauti inayotarajiwa pale. Dai la mleta mada kwamba "unapima kitu mtu amekuja nacho" lina ukweli mchungu ambao tusiupuuze.

#16 Mizani ya Hesabu

Mtoto wa Fundi, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, nikiongeza tahadhari moja. Takwimu hiyo inahusu kipindi cha kabla ya 2016, na taratibu zimebadilishwa tangu wakati huo, kwa hiyo tusiitumie kueleza matokeo ya mtu wa leo. Vilevile asilimia ya waliofaulu peke yake haituambii watu walianguka hatua ipi. Huenda wengi wa kundi hilo hawakuomba kabisa, na hilo ni tatizo la aina nyingine.

#17 Mtoto wa Fundi

Kutokuomba kabisa si tatizo la aina nyingine. Mtu haombi nafasi ambayo hajawahi kumwona anayefanana naye akiipata.

#18 Kumbukumbu

Inafaa kukumbuka mambo haya yalikotoka, kwa kuwa yanaeleza kwa nini usaili una umbo hili.

Ripoti ya Northcote na Trevelyan ya mwaka 1854 ndiyo iliyopendekeza watumishi wa serikali ya Uingereza wapatikane kwa mtihani wa ushindani badala ya kupendelewa na wakubwa, na mwaka 1855 ikaundwa tume ya kusimamia jambo hilo. Mitihani ya wakati huo ilifuata masomo ya vyuo vikuu, kwa hiyo milango ilifunguliwa kwa wenye akili waliokwisha kupata elimu ile, wala si kwa kila mwenye akili. Kisha ikaja vita kuu ya pili. Mwaka 1942 jeshi la Uingereza lilianzisha bodi za kuteua maofisa ambazo ziliwaweka watahiniwa pamoja kwa siku kadhaa, zikawapa mazoezi ya kikundi yasiyo na kiongozi, na kuwatazama. Mwaka 1945 utumishi wa umma ukaiga utaratibu huo. Kituo cha tathmini cha leo ni mjukuu wake.

Ninachotaka kusema ni kwamba utaratibu ule ulibuniwa makusudi ili watu wasiweze kuukariri. Lengo lilikuwa kumwona mtu anapokutana na jambo asilolitarajia. Mleta mada alipokwenda na mifano kumi na miwili aliyoikariri, alikuwa anashindana na nia yenyewe ya waliouanzisha.

#19 Mchujo wa Tatu

Tulipofika 1854 nilianza kuogopa kwamba tutafika enzi za Mafarao. Lakini aya ya mwisho imenishawishi.

#20 Kiti cha Pili

Nimesoma uzi wote na ninaomba kusema kutoka upande wa pili wa meza. Nimekuwa msaili kwa programu ya wahitimu ya serikali nyingine, ambayo nitaiacha bila jina, lakini mazoezi yake yanafanana na haya.

Majibu yaliyokaririwa huwa tunayatambua mapema, na hatumwadhibu mtu kwa sababu hiyo. Tatizo huja tunapouliza swali la kufuatilia. Ninamwuliza kijana, "Kama ungerudi siku ile, ungebadilisha nini?" Aliyekariri hunyamaza, kisha anakirudia kisa kutoka mwanzo, kama mtoto aliyekatizwa katikati ya shairi ambaye hawezi kuendelea mpaka arudi ubeti wa kwanza. Hapo nashindwa kumpa alama kwa jambo ambalo huenda alilifanya kweli, kwa sababu kumbukumbu ya maneno imeifunika kumbukumbu ya tukio.

Ushauri wangu ni kwamba usiandike mifano yako yote kwa ukamilifu. Kwa kila mmoja andika mistari mitano tu: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulichukua hatua gani, matokeo yalikuwa nini, na kitu kimoja kilichokwenda vibaya. Kisha msimulie mtu mmoja leo, mwingine kesho, kila mara kwa maneno mapya, na uwaombe wakukatize. Wengi hutumia muda mrefu mno kueleza hali. Nimesikiliza visa ambavyo dakika mbili na nusu zilikuwa za kueleza ofisi ilivyo, na nusu dakika ikabaki kwa yote aliyoyafanya msimuliaji.

Na kwa kuwa Mizani anapenda ushahidi: mwaka 2022 Sackett na wenzake walikagua upya tafiti za miaka mingi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, na usaili wenye muundo, ambamo kila mtu huulizwa maswali yaleyale na kupimwa kwa kipimo kilekile, ukaibuka juu ya majaribio ya uwezo wa akili. Kwa hiyo kituo cha tathmini si bahati nasibu, ingawa hata kipimo bora kati ya hivi kinakosea mara nyingi.

#21 Shamba la Bibi

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo niliyokuwa naitafuta. Nafasi ni chache na waombaji wazuri ni wengi. Katika mpaka kati ya anayeingia na anayeachwa kuna watu waliotofautiana kwa alama moja, na alama hiyo ingeweza kwenda upande wowote. Mwaka 2022 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba ingesimamisha kwa mwaka mmoja kuchukua wahitimu wapya wa programu hii. Waliokuwa wamejiandaa kwa ajili ya kipindi hicho walikuwa na kosa gani? Kuna mambo hayamo mikononi mwa mwombaji, na kumwambia aliyeanguka kwamba lazima alikosea mahali ni kumwonea.

#22 Bi Msimamo

Shamba, hilo ni kweli na linafariji, lakini mleta mada amesema mwenyewe kwamba aliandika dokezo la mazoezi mara moja tu na hakulimaliza. Tusimpe bahati mbaya kama maelezo kabla hajajaribu dawa iliyo karibu.

Kuhusu dokezo lenyewe, nitaeleza ninavyowafundisha vijana ninaowasimamia sasa. Soma swali kabla ya nyaraka, kwa sababu nyaraka ni nyingi makusudi na sehemu yake haina kazi. Weka pendekezo lako katika aya ya kwanza, kwa kuwa kiongozi anaweza kusoma aya hiyo tu. Kila njia uliyoikataa ipe sababu yake bora kabisa kabla ya kueleza kwa nini umeikataa. Taja nani ataumia kwa uamuzi unaoupendekeza. Hapa ndipo waandishi wengi wachanga hushindwa: hupendekeza jambo lisilomuumiza mtu yeyote, na jambo kama hilo katika serikali karibu halipo. Anayetaka kwenda ndani zaidi asome Green Book, mwongozo wa Hazina ya Uingereza wa kutathmini miradi, aone jinsi gharama na manufaa ya miaka ijayo yanavyopunguzwa thamani kwa kiwango cha asilimia 3.5 kwa mwaka ili yalinganishwe na ya leo.

#23 Rejea Kamili

Hapa nitatofautiana na Bi Msimamo. Mazoezi ya kituo cha tathmini yametungwa ili yasihitaji ujuzi wa awali wa sera yoyote, na kila kinachohitajika kimo kwenye nyaraka unazopewa. Mwombaji anayetumia wiki tatu kwenye Green Book ataingia akiwa na hamu ya kuonyesha alichokisoma, na ataacha kusoma kilichowekwa mbele yake. Sheria ya Uingereza ya Mageuzi ya Katiba na Utawala ya mwaka 2010 inataka uteuzi wa watumishi wa umma ufanywe kwa sifa, kwa msingi wa ushindani wa haki na wa wazi. Kudai ujuzi ambao baadhi tu wanaujua kungekwenda kinyume na hilo.

#24 Mtoto wa Fundi

Rejea, ujuzi haudaiwi, lakini mtu anayejua kwamba waziri husoma aya ya kwanza tu tayari ana ujuzi. Hicho hakimo kwenye nyaraka.

#25 Rejea Kamili

Hoja hiyo naikubali, na sina jibu lake.

#26 Herufi Zinazocheza

Nitaongeza jambo moja kwa wenye hali kama yangu. Nina disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno, na miaka yote ya chuo niliificha. Nilipoomba programu ya wahitimu mara ya kwanza niliiacha sehemu inayouliza kama nahitaji marekebisho, kwa hofu kwamba nitaonekana dhaifu. Mara ya pili niliijaza na nikaongezewa muda wa kusoma. Nyaraka zilikuwa zilezile kwa ugumu, ila safari hii nilifika ukurasa wa mwisho, na ndani ya ukurasa wa mwisho ndimo kulikuwa na takwimu iliyogeuza pendekezo langu lote. Nchini Uingereza Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inawataka waajiri watoe marekebisho ya namna hii. Ombeni mapema, kabla ya majaribio, si baada ya kuanguka.

#27 Fasaha wa Pwani

Asante kwa kulisema hilo waziwazi.

#28 Kalamu ya Wino (mleta mada)

Wadau, nimekaa kimya siku tatu kwa sababu nilikuwa nikifanya zoezi la dada Fasaha. Nilichukua mifano yangu yote kumi na miwili na kupigia mistari kila "tu-" na kila "ikaamuliwa". Katika mfano niliouona bora kuliko yote, ule niliousimulia katika usaili wote mbili, nilipoandika majina pembeni, uamuzi haukuwa wangu. Ulikuwa wa msimamizi wangu. Mimi niliutekeleza, na niliutekeleza vizuri, lakini kwa miaka miwili nimekuwa nikisimulia uamuzi wa mtu mwingine bila kujua. Kati ya mifano kumi na miwili, imebaki minne.

Sijui kama hilo linathibitisha kwamba usaili unaandalika. Hoja ya Mtoto wa Fundi bado inanikaa moyoni, kwani nilipojiuliza kwa nini maamuzi hayakuwa yangu, jibu ni kwamba katika kazi nilizowahi kuzipata hakuna aliyewahi kuniachia niamue.

#29 Kiti cha Pili

Minne ya kweli inatosha kuanzia. Mfano mmoja wenye nyama unaweza kujibu maswali ya tabia mbili au tatu, ukiuingia kwa mlango tofauti. Na uamuzi si lazima uwe mkubwa. Kuamua kumrudia mkuu wako na kumwambia hesabu yake ina kosa ni uamuzi.

#30 Mizani ya Hesabu

Minne kwa tabia tisa bado ni michache, na ningeshauri utafute mingine miwili kabla ya maombi kufunguliwa. Kazi za kujitolea na za chuoni zinakubalika.

#31 Bi Msimamo

Mleta mada, nina pendekezo. Jumamosi nitakutumia nyaraka za kubuni, kurasa kumi hivi. Utakuwa na saa moja na nusu. Uniandikie dokezo la kurasa mbili, unirudishie hata kama hujamaliza, nami nitalisoma kama ninavyosoma ya vijana wangu.

#32 Kalamu ya Wino (mleta mada)

Nakubali kwa moyo wote. Zitahusu sekta gani, ili nianze kusoma kidogo?

#33 Bi Msimamo

Utajua utakapozifungua.

#34 Fanusi

Naomba na mimi nitumiwe, kama si usumbufu.

#35 Bi Msimamo

Karibu. Mtabadilishana na kusomana ninyi wawili kwanza, kisha mniletee.